Fomu ya Majina Kumi

Ofisini walimwita Kipaza, kwa kuwa enzi zake za maandamano yeye ndiye aliyekuwa akishika kipaza sauti. Siku alipokubali kazi katika ofisi ile ile ya vibali vya mikutano aliyokuwa akiitukana barabarani, wenzake walimnunia. Eti kanunuliwa. Yeye akawaambia, nipeni miaka miwili, nitaibadilisha nikiwa humo humo ndani.

Na tuseme ukweli, alijitahidi. Zamani mwombaji alitakiwa kuleta saini mia mbili, na fomu ikishapokelewa inapotea kimiujiza. Kipaza alibishana vikaoni mpaka koo likamkauka, akapata mambo mawili. Saini mia mbili zikawa majina kumi tu, pamoja na simu na mahali mtu anapolala. Na kila fomu ikifika mapokezi, nakala inatolewa papo hapo na kupelekwa kuhifadhiwa ghorofa ya tatu, isipotee tena. Mwaka huo vibali arobaini na kimoja vilitoka. Akawa anatembea kifua mbele, na nani angemlaumu?

Alhamisi moja, saa nane mchana, mkuu wa ofisi alipita mezani kwake akichokonoa meno.

"Wale wa ghorofa ya tatu wanakushukuru sana," alisema. "Saini mia mbili zilikuwa zinawasumbua, nusu za uongo. Siku hizi wanajua waanzie mlango upi, hata kabla mkutano haujafanyika."

"Waanzie nini?"

"Na wewe nawe, Kipaza. Kwani ulidhani kule juu kuna maktaba?"

Akacheka, akaenda zake. Kipaza akaanza kukumbuka. Kuna walimu wawili waliofukuzwa kazi ghafla, na dereva mmoja ambaye hajaonekana hadi leo. Majina yao aliwahi kuyaona kwenye fomu, akajiambia ni bahati mbaya tu. Mtu akiamua kutojua, hakosi la kujiambia.

Akavuta fomu za asubuhi zilizokuwa zikingoja kuwekwa kwenye faili. Ya juu kabisa ilikuwa ya wauguzi, mkutano kesho. Jina la kwanza, mdogo wake. Mahali anapolala, nyumbani kwake Kipaza. Walikuwa wakinywa chai juzi mdogo wake alipomuuliza, "Dada, niandike anwani ya kweli?" Naye bila kufikiri akamjibu, "Ya kweli, mdogo wangu. Ya uongo wataikataa."

Alishuka ngazi mbio mpaka mapokezi, mtu mzima na heshima zake.

"Nakala ya wauguzi iko wapi?"

"Ilishapanda juu tangu saa nne, mama," karani alijibu. "Si wewe uliyesema isikae hapa hata dakika? Na kibali mkuu ameshasaini. Siku hizi hatucheleweshi watu."

Alisema hivyo kwa kujivuna, maskini, akingoja kusifiwa.

Kipaza alitoka hadi barazani. Akapiga simu, namba akaikosea mara mbili.

"Dada," mdogo wake alipokea, nyuma yake sauti za wauguzi wenzake. "Kimetoka?"

"Kimetoka."

Vigelegele vikajaa kwenye simu. Kipaza alingoja viishe. Vigelegele hivyo ndivyo hasa alivyovifuata alipoingia ofisi hii.

"Sasa nisikilize," alisema. "Leo usirudi nyumbani. Na hao wenzako tisa, waambie wasirudi kwao."