Kicheko cha Bibi wa Hinako

Constantin alikuja na kufuli mkononi, ingawa alikuwa na haya ya kulionyesha.

"Estelle, mudogo wangu, mi sina shida na katuni yako," alisema mlangoni. "Mais kama Mama Christiane anakatala, basi. Siwezi kupigana na bamama bote ba Bel-Air."

Ukumbi ulikuwa duka lake la zamani la magodoro. Sasa ndani kulikuwa na televisheni moja, mikeka, na viti vya plastiki vilivyoazimwa. Kila Jumamosi Estelle aliwakusanya humo watoto wa mtaa, akawaonyesha kipande cha *Visiwa vya Mwavuli*, anime ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kifaransa, kisha wakaijadili: wapi imewapendeza, wapi imewachosha, na kwa nini. Alikuwa amemaliza masomo ya fasihi na bado hajapata ajira, na saa ile ya Jumamosi ndiyo aliyoihesabu moyoni kuwa kazi yake. Aliamini kwamba mtoto akizoea kuuliza kwa nini katuni imekwenda hivi, ipo siku atauliza kwa nini mji nao unakwenda hivi. Kufuli lile lingemnyang'anya yote hayo.

Mama Christiane alifika akiwa amejitanda kitenge kipya, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Alikuwa na diploma ya ualimu na meza ya vitambaa sokoni, na akina mama wa mtaa walisikiliza neno lake.

"Syntiche wangu nilimukuta amekaa mu beseni ya kufulia," alianza kabla hata ya kuketi. "Namuuliza, unafanya nini? Ananiambia, 'Mama, naenda juu kutafuta kicheko ya kambo.' Estelle, ma fille, muntu anayeruka mu beseni, hapa kwetu tunamuita nani?"

Estelle alijua jina lililokusudiwa, mchawi, na hakutaka litamkwe. Alijua pia habari za huyo kambo, yaani bibi yake Syntiche. Walimleta kutoka Sakania baada ya kumzika mumewe, na tangu siku hiyo alikula, akasali, akalala, lakini hakucheka.

"Mama, angalia kwanza. Halafu ukatae."

"Nitaangalia. Macho haina kodi."

Estelle akabonyeza, na Hinako akatokea: msichana mwembamba anayesafiri angani ndani ya beseni la bati, akikitafuta kicheko cha bibi yake kilichoibwa. Chini yake visiwa vilining'inia kama miavuli iliyopinduliwa, na mvua ikanyesha kutoka ardhini kwenda juu. Kasia lilishikwa na Bwana Birika, mzee wa suti nyeusi ambaye kichwa chake ni birika la chai. Kila aliposema uongo, mvuke ulimtoka puani.

"Eeeh!" Mama Christiane alisogeza kiti. "Kama baume zetu bangekuwa na ile mvuke, nyumba zingine zingejaa ukungu asubuhi mpaka mangaribi."

Constantin, aliyekuwa amesimama na kufuli lake, akajifanya anakagua ukuta.

Kipande cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza chenyewe. Mama Christiane sasa alikuwa amevua viatu. Aliuliza nani aliyechora mawingu yale, na kwa nini kila kisiwa kina muziki wake, na mwezi unaouzwa vipande sokoni una ladha gani. Estelle alijibu kwa furaha, mpaka lilipokuja swali moja.

"Ngoja. Mu ile ya kwanza, Birika alipoteza kifuniko yake, akajifunga kitambaa ku kichwa. Hapa kifuniko iko. Imerudi kwa nini?"

Swali hili Estelle alilingojea. Alikwisha kuandika makala ndefu juu yake na kuiweka kwenye ukurasa wake, na marafiki wa chuo wakaisifu. "Hiyo njo nguvu yake kubwa, Mama. Wakati katika visiwa vile hauendi mbele. Unaruka, kama ndoto. Hata majina ya vipande yamevurugwa makusudi: cha tano kinatangulia, cha kwanza kinafunga. Msanii anatuambia kwamba huzuni haina mpangilio."

Mama Christiane alimtazama kwa upole, jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzuri aliyekimbilia jibu.

"Unajua, ao unasadiki?"

Kwa sababu udadisi ulimzidi aibu, Estelle akampigia simu Fils, kijana wa katikati ya mji aliyemjazia anime ile kwenye flashi.

"Yaya Estelle, dada yangu!" Fils alipiga kelele juu ya honi za magari. "Vipande? Mi njo niliviandika majina. Kitufe ya herufi kubwa ilikufa ku masini yangu ya Kifaransa, na kule bila ile kitufe huwezi kuandika namba. Basi niliandika kwa maneno: *un, deux, trois*… Kwani televizyo yako inapanga namna gani?"

Inapanga kwa alfabeti. Estelle alihisi masikio yakiwaka moto. *Cinq*, yaani tano, ilitangulia kwa sababu ya herufi C. *Un* ilifunga kwa sababu ya U. Hapakuwa na msanii aliyevuruga wakati; palikuwa na kibodi mbovu. Hata kicheko kizuri kile cha mwisho, bibi akicheka jikoni huku unga ukimruka usoni, kicheko kilichowafanya watoto wapige makofi wakidhani Hinako ameshinda, kilikuwa mwanzo wa hadithi, kabla mwizi hajaja.

Mama Christiane hakuwa amesikia upande wa Fils. Ingewezekana kusema tu, "Ni kama nilivyokuambia." Kufuli lilikuwa pale pale mlangoni.

"Mama, nimekosea," Estelle akasema, na akaeleza yote. Kisha akaongeza lililo baya zaidi: "Mwisho wake wa kweli ni *douze*, cha kumi na mbili. Watoto walifikiri ni ndoto tu ya katikati. Ni dhaifu. Tuuone."

Wakauona. Hinako anakifikia kisiwa cha mwisho, anapanda ngazi, anafungua sanduku. Skrini inakuwa nyeupe. Hakuna sauti. Majina ya mafundi yanapita.

"Kicheko iko wapi?" Mama Christiane aliuliza.

"Haisikiki."

"Donc kambo hacheki?"

"Hatujui, Mama. Wametuchorea mvua inayopanda mbinguni, halafu mlangoni wamechoka. Ao waliogopa."

Mama Christiane aliyafuata kwa macho majina yale yasiyosomeka.

"Ao hawakudanganya," alisema hatimaye. "Mi nimejaribu kumuchekesha mama-mkwe wangu na kila kintu. Nami sijue mu sanduku muko nini." Akageuka. "Constantin, ile kufuli, peleka kwako. Ma fille, rudisha kule kwa *un*. Batoto baanze upya, mu njia yake. Na hapo mwisho usibaongopee."

Hivyo wakaanza upya, Jumamosi baada ya Jumamosi. Ikiwa katika mpangilio wake, hadithi ilieleweka vizuri zaidi, ingawa ilipoteza kidogo ya ajabu yake, na kipande cha mashindano ya kuogelea kilibaki kirefu bila sababu. Siku ya *douze*, Mama Christiane alikuja akimshika kambo mkono, akamketisha mbele, karibu na Syntiche.

Hinako akafungua sanduku. Weupe ukaujaza ukumbi. Hakuna mtoto aliyepiga makofi. Syntiche hakutazama skrini. Alimtazama bibi yake.

Kambo, ambaye hakuwa ameona kipande kingine chochote, alikunja uso, akainama mbele.

"Ule baba mwenye birika mu kichwa," aliuliza kwa sauti nzito, "chai anakunywaka namna gani?"

Ukumbi ukalipuka. Watoto walianguka mikekani, Constantin akashika tumbo, na Mama Christiane akaficha uso katika kitenge. Kambo aliwatazama mmoja mmoja, akingoja jibu kwa dhati. Kisha pembe moja ya mdomo wake ikatetemeka, na kitu chembamba, kikavu kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, kikamtoka kifuani.

"Mi nauliza tu," alisema, akifuta jicho.

Estelle akapitisha kichwani vipande vyote, kimoja baada ya kingine. Chai ilimwagwa, ilichemshwa, ilipiganiwa, lakini hakukumbuka Bwana Birika akinywa hata mara moja. Tayari alikuwa ameinama kwenye rimoti, akitafuta *un*.