Mgomo wa Siti ya Mbele

Mume wangu aliukalia ufunguo wa gari siku ya Ijumaa, saa mbili kasorobo asubuhi, mbele ya mlango wetu wenyewe, nami nikamfanyia yote ambayo mabosi walinifanyia mimi kwa miaka thelathini na moja. Naandika ili isisahaulike. Kila meneja aliyewahi kusimama mlangoni pa kiwanda chetu cha mashati akatuambia hatujui tunachotaka, namkumbuka sura, tai na maneno. Sioni kwa nini nijiruke mimi.

Kwanza mlijue gari. Ni la familia, lilikuwa jeupe, limemzidi umri kitinda mimba wetu, na kitinda mimba wetu ana mtoto anayeota meno. Gia zake zinajibadilisha zenyewe. Aliyelitunza ni mume wangu. Alikuwa dereva wa lori la mikate, na akirudi kazini alifungua boneti ya gari letu kabla hata hajavua viatu. Mimi nilirudi na hasira za kiwandani, nasimama hapo hapo kando yake namwaga yote: nani kafukuzwa, nani kanyimwa likizo ya uzazi, msimamizi gani kamsukuma nani. Yeye ameinama, sikio karibu na injini. "Hebu ngoja kidogo, Kipaza, niisikie hii feni." Kipaza ndilo jina alilonipa, kwa ajili ya sauti yangu. Sikungoja hata siku moja.

Kisha kikaja kiharusi. Kilichukua upande wake wa kulia na maneno yake yote isipokuwa moja, "haya". Akitaka maji, haya. Akiwashwa mgongo, haya. Mjukuu akivunja kikombe, haya. Daktari alinieleza vizuri: akili ni ile ile, kilichokwama ni mlango wa kutolea maneno. Niliitikia kwa kichwa, nikaenda nyumbani, nikaanza kuzungumza juu ya kichwa chake na kila mtu, kama vile aliyeketi pale ni kabati.

Nilijifunza kuendesha gari nikiwa na miaka hamsini na minane, kwa ajili yake. Jumanne na Ijumaa nampeleka kliniki ya mazoezi ya viungo. Magari ya kukodi tuliyajaribu mara mbili. Madereva walimnyanyua kwa makwapa kama gunia, na mara ya tatu alishika fremu ya mlango wetu kwa mkono mzima, hakuachia mpaka gari lilipoondoka. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Bila gari letu hakuna mazoezi, na yule mama wa mazoezi alishaniambia bila kuzunguka: "Mguu huu ukilala miezi mitatu, hautaamka."

Sasa, gari lilianza kuchemsha. Mshale wa joto unapanda mpaka kwenye nyekundu, mvuke unatoka pembeni mwa boneti. Nikalipeleka kwa fundi wa kona. Akatoa themostati, kile kidude kinachofunga na kufungulia maji ya injini kufuata joto, akakirusha kwenye lundo la vyuma. "Mama, hivi ni vitu vya nchi za baridi. Wewe tia maji ya bomba, tembea." Nilimpenda kwa wepesi wake. Mimi, niliyejifunza sheria za kazi kwa kusoma chooni wakati wa mapumziko, ukurasa kwa ukurasa, sikufungua hata mara moja kitabu cha gari kilichokuwa ndani ya dashibodi.

Kila asubuhi nikatia maji kwenye rejeta. Kila asubuhi yalikuwa yamepungua, na chini ya gari hakuna tone. Nikajiambia yanakauka tu. Baada ya wiki kadhaa zikaanza gia. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma kama imetukanwa, gari linafikiri kwanza ndipo linaondoka. Na kila likifanya hivyo mume wangu anapiga dashibodi kwa kiganja, pa, pa, pa. "Haya! Haya!"

Nilidhani anaogopa uendeshaji wangu. Jumanne ile, katikati ya mzunguko wa barabara, gari limegoma kuvuta na watu wanatupigia honi kila upande, nikamgeukia. "Basi shika usukani wewe!"

Nilimwambia hivyo mtu ambaye mkono wake mmoja haushiki hata kijiko. Kiganja chake kikashuka mapajani, hakikuinuka tena mpaka tunafika.

Alhamisi kijana wetu mkubwa akapiga simu. Mikono yangu ilikuwa na povu la vyombo, nikaweka sauti ya nje.

"Mama, gia boksi ikifa, gari limekufa. Nimeshaongea na mtu wa vyuma chakavu. Anakuja Jumatatu."

"Na kliniki?"

"Tutaangalia."

Tutaangalia! Nalijua neno hilo. Meneja alitujibu hivyo kuhusu vyoo kwa miaka saba. Lakini nilikuwa nimechoka hadi mifupani, nikasema, "Sawa, mwambie aje." Mume wangu alikuwa mezani, hatua mbili kutoka nilipo. Sikugeuka kumtazama.

Ndiyo ikaja Ijumaa. Utaratibu wetu ni huu: namkalisha siti ya mbele, namfunga mkanda, namwachia ufunguo mkononi ili mimi nikunje fremu yake ya kutembelea na kuitia kwenye buti. Nikafunga buti, nikaja kwenye usukani, nikanyoosha mkono.

"Ufunguo, baba."

Akafungua kiganja. Kitupu.

Nikatafuta sakafuni. Nikatafuta chini ya siti, kwenye mfuko wa shati lake, kwenye mikunjo ya mkanda. Kisha nikaona ameinamia upande mmoja kidogo.

"Umeukalia?"

"Haya," akasema, macho mbele, kama abiria aliyelipia daraja la kwanza.

Nikabembeleza. Nikatishia kwamba tukichelewa nafasi yake atapewa mwingine. Nikapayuka mpaka dirisha la jirani likafunguka. Nikazunguka, nikatia mikono kwapani mwake nimwinue, naye akajilegeza mwili mzima akawa mzito kama kabati lenye nguo. Na mbinu hiyo ni nani aliyemfundisha? Ni mimi! Mwaka wa mgomo wa vyoo tulikaa sakafuni wanawake arobaini tukajilegeza vile vile, na askari wanne walitoka jasho kumbeba mshonaji mmoja mwembamba. Niliporudi nyumbani nililala sebuleni nikamwonyesha. Akajaribu kuninyanyua, akashindwa, akakaa chini kando yangu, tukacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini.

Hilo lote sikulikumbuka pale. Nilisimama nje ya gari, mkono kiunoni, simu sikioni, nikamwambia kijana wetu, "Njoo unisaidie kumtoa baba yako. Amechanganyikiwa, hajui anachofanya."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. "Hawajui wanachofanya, leteni watu wawatoe." Maneno ya meneja yule, na hata mkono wake ulikuwa kiunoni hivi hivi. Nikakata simu kijana akiwa bado anauliza.

Huu ulikuwa mgomo wa kukaa. Mgomaji mmoja, siti moja, na bosi ni mimi.

Miaka yote ile tulitaka kitu gani, ukiondoa vyoo na likizo? Tulitaka mmoja wao ashuke, akae chini tulipokaa sisi, aulize halafu angoje jibu. Nikachuchumaa kwenye mlango wake, magoti yakalia.

"Haya baba. Una madai?"

Mkono wake mzima ukaja polepole ukashika vidole vyangu. Kliniki walitufundisha kubinya: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mimi nilikuwa nikitumia mbinu hiyo kuuliza tu kama chai ina sukari ya kutosha.

"Ni uendeshaji wangu?"

Mara mbili.

"Labda kidogo?"

Akafikiri. Mara moja. Pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Hutaki gari liuzwe."

Mara moja, kwa nguvu iliyoniumiza. Nikajua ya Alhamisi aliyasikia yote, na nikaona aibu ikinipanda kutoka shingoni.

"Kuna jingine?" Ndiyo. "Breki?" Hapana. "Maji?" Ndiyo. Kisha haraka, mara mbili. "Maji, halafu si maji?" Ndiyo. "Gia?" Ndiyo. "Maji na gia?"

Akafumba macho, akabinya, hakuachia.

Sikuelewa, lakini nikafungua boneti. Nikawa namletea kitu kimoja kimoja dirishani, kama muuza duka. Mfuniko wa rejeta. Haya, ya kuchoka. Kijiti cha kupimia oili ya injini. Haya, hiyo hiyo. Kisha nikaona kijiti cha pili, nyuma kabisa karibu na ukuta wa injini, ambacho sijawahi kukigusa. Nikakichomoa.

"Haya!" Nusura apasuke.

Akakipokea. Tambara halikuwepo, nami sikufikiria kulileta. Akakifuta kifuani mwake, kwenye shati jeupe nililopiga pasi asubuhi ile ile, akavuta kitambaa kwa vidole nione vizuri. Oili ya gia huwa nyekundu, inang'aa. Alishanionyesha zaidi ya mara moja, mimi nikiwa nasimulia ya kiwandani. Hii ilikuwa na rangi ya waridi, nzito, yenye mapovu, kama maziwa yaliyotiwa dawa ya watoto.

Nikamwita Bonge, fundi wa gia boksi aliyefanya kazi na mume wangu karakana ya malori ya mikate. Alikuja na pikipiki iliyomlalamikia. Akatazama kijiti, akatazama shati, akanigeukia mimi.

"Shemeji, nani kagundua hii?"

"Yeye."

"Oili ya gia inapoozwa humo humo ndani ya rejeta, ina bomba lake. Maji ya bomba yameotesha kutu, kutu imekula ukuta wa katikati, sasa maji na oili vimechanganyikana. Yale maji uliyokuwa ukitia kila asubuhi, ulikuwa ukiinywesha gia boksi."

"Na leo ningeliwasha?"

"Kwenda ungefika. Kurudi ungerudi na vyuma." Akapangusa mikono. "Sasa shemeji, unataka tufanyeje?"

"Muulize mwenye gari."

Bonge akakuna shingo. Kisha akashika mlango, akachuchumaa kwa taabu, tumbo likimpinga, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mume wangu.

"Bro, nisamehe. Nimekupita kama nguzo." Akashusha pumzi. "Sikiliza. Tunaweka rejeta nyingine, tunarudisha themostati, tunatia kulanti, dawa ya kupoozea injini, na siyo maji ya bomba. Gia boksi tunaiosha mara tatu kwa oili mpya. Inaweza kupona. Inaweza pia kufa mwezi ujao ukanitukana kwa huo mkono mmoja. Ahadi sikupi. Tuhangaike, au tuache?"

Mume wangu aligeuza kichwa. Akatazama usukani. Akatazama mguu wake wa kulia, ule unaotakiwa usilale. Nilikuwa na jibu tayari, na sababu saba za kuliunga mkono, nikazimeza zote. Jirani alianika shuka na foronya zake mbili, akamaliza, akaingia ndani.

Kisha mume wangu akajiinua upande, akahangaika na mkono nyuma yake, akautoa ufunguo, akamwekea Bonge kiganjani. Mimi nilikuwa karibu zaidi, lakini alimpa Bonge. Akanitazama. "Haya," akasema, na safari hii nilimwelewa barabara: mazungumzo yanaendelea.

Nikampigia kijana. "Mwambie mtu wa vyuma asije."

"Nani kaamua, mama?"

"Baba yako."

"Kaamuaje?"

"Kwa kikao."

Kazi ilichukua Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha jikoni, kando ya beseni la kumwagia oili chafu. Oili ya kwanza ilitoka kama maziwa. Ya pili ilikuwa tope jekundu. Kila mara Bonge alimletea kijiti, naye akakifuta kwenye lile shati. Nililitaka nilifue, akalishika kola kwa nguvu, nikaacha. Ya tatu ilipotoka nyekundu ya kuangaza, alama zilikuwa zimepangika kifuani mwake, na Bonge akasema amewahi kuona majenerali wenye nishani chache kuliko hizo.

Jumatatu asubuhi Bonge alikuja kulijaribu barabarani. Yeye usukani, mume wangu siti ya mbele, mimi nyuma, mahali ambapo sikuwahi kukaa tangu gari linunuliwe. Fremu ya kutembelea ilikuwa imelala siti nzima, nikajibana dirishani. Gia ya kurudi nyuma ilikawia pumzi moja, ikashika. Tukatoka. Mshale wa joto ukapanda hadi katikati ukatulia hapo. Kwenye kilima kidogo cha shule injini haikunguruma bure, gari lilipanda kama limekumbuka kazi yake. Kutoka nilipokaa niliona kisogo cha mume wangu, kinyozi amekiacha na mstari mmoja wa nywele usionyooka, na sikio lake la kushoto limeelekezwa kwenye injini.

Tulizunguka mtaa, tukarudi mbele ya mlango wetu. Bonge hakuzima.

"Unaionaje, bro?"

Mume wangu akageuza kiganja huku na huku: hivi hivi, si mbaya. Kisha akanyoosha kidole mbele, barabarani.

"Tena?" Bonge akauliza.

"Haya."

"Shemeji, una haraka huko nyuma?"

Nilikuwa na wanawake kumi na wawili wa kiwandani wananisubiri saa nne tuandike barua kwa mkaguzi wa kazi. Nikawatumia ujumbe waanze bila mimi, nikaisogeza fremu nipate pa kuweka miguu, tukaenda.