Uzito wa Fimbo ya Mkunga

Mkunga aliingia karakana ya fundi wa fimbo za gofu akiwa ameficha mkono wa kulia mfukoni mwa koti. Alikuwa amestaafu tangu mwaka juzi, lakini mtaa mzima bado ulimwita kwa jina la kazi yake. Akaweka mezani fimbo yake fupi, ile ya kusukumia mpira shimoni.

"Niongezee uzito, fundi. Imekuwa nyepesi."

Fundi akaipima kwenye mizani. "Mama, fimbo haikondi. Kuna nini?"

Mkunga akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akautoa mkono. Ulitetemeka kama wa mtu aliyenyeshewa.

"Mkono huu umepokea watoto mpaka nimepoteza hesabu. Leo unashindwa na kampira. Mume wangu hajui. Kila Jumamosi tunacheza wawili, na siku hizi nasingizia kiuno ili nisiende."

Fundi hakumpa pole. Alibandika vipande vya madini ya risasi kwenye kichwa cha fimbo, akalaza kikombe kwenye zulia. Mkunga akasukuma. Mpira ukapita pembeni. Fundi akaongeza risasi. Ukapita mbali zaidi, maana uzito ule wa chini uliuvuta mkono na kuuyumbisha.

"Basi, mwanangu. La kuvunda halina ubani."

"Tusiuzike mkono ungali hai," fundi akajibu. Akabandua risasi zote, akatoboa mshikio kwa juu, akakaza humo kizibo kizito cha chuma. "Uzito ukikaa karibu na vidole, fimbo hutulia."

Mpira wa kwanza uligonga ukingo wa kikombe. Wa pili ukaingia. Wa tatu pia. Mkono bado ulitetemeka, ila fimbo ilikuwa kama haina habari nao.

Jumamosi hiyo hakusingizia kiuno. Kwenye shimo la kwanza alitumbukiza mpira kutoka hatua tano. Mumewe akaiomba fimbo, akaipimapima kiganjani.

"Imeongezwa uzito juu," akasema taratibu. "Ni kwa ajili ya mkono?"

Mkunga akanywea. "Umejua lini?"

"Tangu ulipoanza kunimiminia chai nusu kikombe. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

"Miezi yote hiyo unakunywa nusu, na umenyamaza?"

"Nani kasema? Nilikuwa najiongezea jikoni ukigeuka."

Mkunga alicheka huku machozi yakimtoka, na wachezaji wa nyuma wakalazimika kuwasubiri.

Jumatatu walikwenda kwa daktari pamoja. Ugonjwa ulikuwa na jina refu na vidonge vya kila siku. Hautapona, daktari alisema, ila unaweza kuzuiwa usizidi kwa kasi. Mkunga alilia siku mbili. Siku ya tatu akampigia simu mdogo wake, akamweleza yote kwa kinywa chake, kabla hajayasikia kwa watu.