Waliobaki Nje ya Safina

Kiilu aliwahi kuwadharau watu wengi, lakini dharau yake kwa mzee wa kanisa Gichuru ilikuwa ya bidii. Mtu amekuwa karani wa ghala Industrial Area miaka thelathini, akipanga makatoni kutwa, na bado haamini kwamba kitu kikijaa kimejaa.

Taabu ilianzia kwenye kazi ya mikono. Kanisa lao la Ziwani lilimwagiza Kiilu achonge safina na wanyama wake kwa ajili ya watoto wa Sunday school. Naye, kama wachongaji wenzake wa Kikamba, akachonga wanaonunuliwa na watalii: simba, twiga, ndovu, kifaru, wawili wawili. Gichuru akawapanga ndani, nafasi ikabaki, akawaambia watoto, "Mnaona? Wote wametoshea."

Kiilu alishindwa kujizuia. "Hao ni wa kuuzia watalii, mzee. Fuko wako wapi? Popo? Vyura? Mende peke yao ni aina maelfu."

Watoto wakacheka, Gichuru akanuna. Jumapili iliyofuata, tangazo la tatu la ndoa ya Wayua, binti pekee wa Kiilu, na mchumba wake Kyalo, halikusomwa. Bila hilo la tatu hakuna harusi, na zilibaki wiki mbili. Kiilu akaitwa mbele ya wazee ayakane maneno yake.

"Baba, wewe nyamaza tu," Wayua alimsihi wakiwa mlangoni. "Wakiuliza, sema ulikosea. Ni nusu saa."

"Sawa," akajibu Kiilu, na hakuwa anamdanganya.

Lakini Gichuru hakutosheka na msamaha alioombwa, alitaka kufundisha. Akafungua Biblia, akalamba kidole. "Wewe ni fundi wa mbao tu, Kiilu. Njiwa alirudi na jani la mzeituni. Hilo nalo unalipinga?"

Angeuliza jambo lingine lolote. Mzeituni Kiilu alikuwa akiuchonga tangu ujana wake.

"Mti uzame miezi na miezi, halafu utoe jani bichi? Wewe umeusoma, mimi nimeushika. Hapo hamna jani, kuna kuni zilizooza."

"Mungu hashindwi na kitu."

"Kama ni muujiza, dhiraa zote hizo za kupimia safina zilikuwa za nini? Na ndovu wawili, kila mmoja anakula kilo mia moja na hamsini kwa siku. Majani ya mwaka mzima ungeyaweka wapi, karani wa ghala? Mavi nayo yangezolewa na watu wanane?"

Mzee Willis, mwenzake Gichuru aliyeketi pembeni, alijifanya anakohoa ili asicheke. Gichuru akaifunga Biblia. Kiilu hakuwa amefurahi hivyo kwa muda mrefu. Hata Gichuru aliposema kwamba kanisa hilo halitamfungisha ndoa binti wa mpingaji, yeye alitoka nje kifua mbele, hadi mlangoni Wayua alipokuwa akisikiliza.

"Umeona alivyokosa jibu?" akamwuliza Wayua.

"Nimeona." Macho yake yalikuwa makavu. "Hata mimi najua hawangetoshea, baba. Nimejua tangu darasa la nne. Kyalo pia anajua. Nani alikuuliza kama wangetoshea?"

Kiilu akaanza kusema kitu kuhusu ukweli.

"Sasa mwambie Kyalo wewe mwenyewe," Wayua akasema, akamwekea simu mkononi ikiwa tayari inaita.