Gari la Kwenye Bodi

Jumamosi saa nane mchana Nzilani alikunja katoni, akaiweka nyuma ya mgongo wake ili miguu ifikie pedali, kisha akavaa hedifoni ambayo sikio moja tu ndilo linalofanya kazi. Duka la gemu la Muigai liko orofa ya pili mjini Thika, juu ya kinyozi, na lina usukani mmoja. Mbio zenyewe ni za mtandaoni: madereva kumi na wawili, kila mtu akiwa kwao, wengine Brazili, wengine Polandi, mmoja Ufilipino. Nzilani alikuwa wa tatu kwenye ligi. Gari la kweli hakuwahi kuliendesha nje ya uwanja wa shule ya udereva ya Ruiru, na huko alikuwa ameanguka mtihani mara tatu.

Mtihani ndio uliokuwa unamkosesha raha, si ligi. Magdalene, mwenye bekari kule Kiuu, alikuwa amemwahidi kazi ya kuendesha gari la kusambaza mkate, na alisema atangoja mpaka Jumanne, basi. Mtihani wa nne ulikuwa Jumatatu. Sasa mtu asiyeambiwa anakosea wapi atarekebisha nini, jamani? Nzilani alikuwa anakariri alama za barabarani hata akiosha vyombo, na kila akienda anaambiwa umefeli, nenda nyumbani.

Ligi hiyo ina sheria moja ya kuudhi. Kila mwisho wa mwezi mnapewa gari ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kushindana nalo, na mnalijulia hapo hapo. Skrini ilipofunguka, gari lilikuwa la plastiki, la samawati, limebambuka rangi kwenye boneti, na gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa kifuniko cha soda. Nzilani alilitambua. Lilikuwa gari la kwenye bodi.

Bodi ni meza iliyochorwa mji: barabara, raundabauti, reli, hospitali. Mwanafunzi wa udereva anasukuma kigari juu yake kwa kidole huku akimweleza mtahini kila anachofanya, na huo ndio mtihani wenyewe kabla hujagusa gari la watu. Na mji uliokuwa kwenye skrini ulikuwa bodi ya mwalimu Zacharia wa Ruiru. Hata lile doa la chai mlangoni pa hospitali lilikuwepo.

"Haiya, hii nayo ni gari gani?" Muigai akauliza.

"Ni ya shule yetu."

"Hizi update zao!" Muigai akasema, akarudi kumhudumia mteja mwingine.

Taa ikawa kijani na magari yote kumi na mawili yakabaki pale pale. Watu walikanyaga mafuta, wakazungusha usukani, wapi! Kwenye hedifoni Mbrazili alikuwa anatukana kwa lugha yake, na Mpolandi alikuwa anauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu ameona hendibreki. Nzilani alichanganyikiwa kama wao. Alibonyeza kila kilichoweza kubonyezwa. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, alisema kama alivyozoea kusema Ruiru.

"Naangalia kioo. Naangalia kulia, kushoto, kulia tena. Barabara iko wazi. Natoka paking."

Gari likatoka paking.

Wakati huo, kule Ruiru, Zacharia alikuwa ofisini anakula chapati. Aliona vigari kumi na viwili kwenye bodi yake, kimoja kikitembea chenyewe na kusema kwa sauti ya Nzilani. Alisogeza kikombe chake kisije kikagongwa, akaendelea kula. Huku Thika, kikombe kikubwa kuliko hospitali kilinyanyuka barabarani, na Nzilani akasema anashukuru, sasa anapita.

Alisema yote. Kwenye raundabauti alimpisha wa kulia, ingawa kulia hakukuwa na mtu. Kwenye reli alisimama, akasikiliza, akavuka. Alizunguka mji ule mara kumi, na hakuna mwingine aliyemaliza. Mfilipino alijitahidi, maskini, akamwiga Nzilani maneno ya Kiswahili bila kuyaelewa, akafika mpaka raundabauti, hapo akachanganya kushoto na kulia akaishia ndani ya hospitali.

Muigai alikuja kutazama mzunguko wa mwisho. "Sasa wewe unajua hivi, na unafeli aje?"

Nzilani alivua hedifoni. Alikuwa ameshinda na furaha haikuja. Siku zote aliamini anafeli kwa sababu hajui. Ilikuwa aibu, lakini angalau ilieleweka. Sasa hata hiyo sababu hakuwa nayo.

Jumatatu mtahini alikaa mbele ya bodi, shati limepigwa pasi vizuri. Wa kwanza kuitwa alikuwa Ngigi, kijana wa Mwiki, ambaye alifika amechelewa na hakuisogelea bodi hata kidogo. Mtahini alimuuliza mjomba wake anaendeleaje. Ngigi akasema mjomba anasalimia sana. Akaandikiwa amepita, bodi na gari pia.

Ikawa zamu ya Nzilani. Akasema yote, akasukuma kigari mpaka hospitali na kurudi. Zacharia, ambaye kawaida hufunga mdomo siku ya mtihani, alikohoa.

"Mkubwa, huyu anajua. Jumamosi nimemwona na macho yangu akizunguka hapa mara kumi."

"Akiwa hapa?"

"Akiwa Thika."

Mtahini akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Nzilani alitoa simu akamwonyesha video ya mbio, na mtahini akaitazama yote, dakika kumi na nne. Pale kwenye raundabauti aliirudisha nyuma aone tena.

"Kazi safi," akasema. "Wengi hapo hawaangalii kulia."

Aliokota kigari, akakuta bado kina moto wa Jumamosi, akakirudisha chini akapuliza vidole. Kisha akaandika kwamba Nzilani amefeli.

"Nimekosea wapi, mkubwa?"

"Hujakosea." Alisema kwa upole kabisa. "Anayefuata aje."

Zacharia alimsindikiza hadi nje. "Ngigi ana mjomba," akamwambia. "Wewe uko na nani?"

Nzilani ana mama na dada wawili, wote wanauza mboga, na hakuna anayejuana na mtahini yeyote.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi Magdalene akapiga simu. Kazi alikuwa ameshampa Ngigi, kwa kuwa ndiye aliyekuja na leseni. "Aki Nzilani, kuja mbio. Huyu kijana gari imemkatalia kwa geti, na watu wa maduka wanangoja mkate."

Nzilani alienda. Ngigi alikuwa nyuma ya usukani, jasho linamtoka.

"Niaje Nzilani," akasema. "Rivasi huwa wapi kwa hii?"

Hakuwa mjeuri. Alikuwa anaogopa, na hilo lilimuudhi Nzilani zaidi, kwa maana mtu anayeogopa huwezi kumpigia kelele. Aliingia upande wa pili, akaushika mkono wa Ngigi akaupeleka mahali gia ya kurudi nyuma ilipo. Alitamani kulia, lakini mkate ulikuwa unanukia nyuma yake na watu walikuwa wanangoja.

Magdalene akaja dirishani, amejifuta unga kwenye aproni, uso umejaa huruma ya kweli.

"Ungekuwa tu na leseni," akamwambia Nzilani, "haki ya Mungu hii kazi ningekupa wewe."

Nzilani akamwambia asante, mama, kisha akamwambia Ngigi aachilie klachi polepole.