Nusu ya Kichwa

Msuko wa Spès ulikuwa umefika katikati ya utosi wa MaNdlovu kelele zilipozuka upande wa uwanja wa farasi. MaNdlovu, mwenye nyumba, aliinuka kitini na msuko haujafungwa, akatoka, akafunga mlango kwa nje. Kufuli lilisikika.

Ilikuwa Mei 2008, na katika mtaa wa Turffontein wageni walikuwa wakisakwa. Saluni ya Spès ilikwisha kuchomwa. MaNdlovu, jirani na mteja wake wa miaka mingi, alimvuta ndani kabla hajaomba, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanzia. Wema wa haraka Spès aliujua. Kwao Burundi shangazi yake alifichwa na jirani, akapewa uji, kisha jirani yuleyule akaenda kuwaita wenye mapanga. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Alishika kichana chake chenye mkia wa chuma, akatega sikio. Kizulu alikuwa amekiokota kwa wateja.

"Ma, yule Mrundi msusi yuko wapi?" kijana mmoja wa kundi aliuliza huko nje.

"Hata mimi namtafuta. Tazameni alivyoniacha, kichwa nusu. Mkimpata, nileteeni kwanza amalize."

Walicheka, naye akacheka nao, kwa raha ya mtu aliye kwao. Spès alikichukia kicheko kile.

Mlango ulipofunguliwa, alikuwa bado ameshika kichana.

"Kaa basi, Mama, nimalize."

"Usiguse," alisema MaNdlovu.

Siku zilizofuata alimpikia, akamfungia kila alipotoka, na nywele akakataa katakata ziguswe. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumfumulisha Spès mistari yote kwa sababu mmoja ulipinda. Leo anatembea hivyo? Ana lake jambo, Spès aliwaza. Kikulacho ki nguoni mwako. Usiku alilala na kichana chini ya mto.

Jumapili MaNdlovu alivaa sare ya kina mama wa kanisa, blauzi nyekundu na sketi nyeusi. Kofia nyeupe, iliyopigwa pasi jana yake, ilikuwa kitandani. Hakuigusa.

"Mama, hata kofia?"

"Wale vijana wako kona," alisema MaNdlovu, akitafuta Biblia yake. "Na mama zao nakaa nao benchi moja. Wakiniona nimesukwa vizuri, watauliza kamaliza nani. Nikijifunika, watauliza naficha nini."

"Watakucheka kanisani."

"Eish. Watanicheka."

Alitoka. Spès aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Alisogeza pazia kidogo. Kule kona mmoja alipiga kelele, "Ma, bado hajapatikana?"

"Bado," alijibu MaNdlovu bila kusimama, mistari upande mmoja, na upande wa pili nywele zimetimka.

Spès aliketi kitandani, akaipakata kofia, asijue aiweke wapi.