Hodi ya Tatu kwa Bibi Elna

Usiku wa jana niliota gari langu la vifurushi limekwama kwenye theluji ya Bibi Elna, na gari likaniambia, "Shemhilu, toa mguu kwenye mafuta. Unanichimbia kaburi."

Nikatoa mguu. Gari la watu likikuomba kwa adabu, utafanyaje?

Huyu Bibi Elna ni mteja wangu wa kweli, mjane wa miaka themanini na kitu. Anaishi peke yake nje ya mji huu wa baridi, ambako nasambaza vifurushi mwaka wa tatu sasa. Jana mchana nilikuwa na boksi lake, dawa ya sukari ya kujidunga. Theluji ilikuwa imejaa kutoka barabarani hadi mlangoni kwake. Nilijaribu mara moja, tairi zikateleza, nikaogopa, nikageuza. Boksi nikaliweka kwenye friji nyumbani kwangu, maana dawa ile inataka ubaridi lakini isigande. Kosa la kazi, najua. Lakini kilichoniuma ni sauti yake kwenye simu, akisema amebakiwa na sindano ya usiku mmoja tu.

Basi ndotoni nimerudi na boksi lake. Nashuka garini. Kwanza navunja matawi ya msonobari nayapanga nyuma ya gari, kama tulivyokuwa tukifanya kwetu Muheza lori la machungwa likiharibika njiani, ili wanaokuja wajue kuna mtu matatani.

"Pole, dereva," yananiambia matawi.

"Nishapoa," nayajibu.

Karatasi ya kanuni za kazi, ile tuliyobandikiwa mbele ya usukani, inasafisha koo. "Kanuni ya nne. Usiingie njia ya mteja kabla hujaiona ardhi."

"Ardhi imefunikwa, huoni?"

"Sikukuuliza hilo."

Nasonya, nachukua beleshi, naanza kuchimba. Nachimba hadi magotini, nachimba hadi kifuani. Mimi niliyekwamua malori kwenye tope la masika, leo nahangaishwa na kitu cheupe kisicho hata na harufu! Mwishowe beleshi linagonga chini. Nachungulia. Ni uwanja wa mama yangu, Muheza. Udongo mwekundu, umefagiliwa asubuhi hii hii, mistari ya fagio la chelewa bado ipo. Joto la jua linanipanda usoni. Nikaogopa kuukanyaga.

Hapo theluji ikasimama.

Sijui nisemeje. Theluji yote, ya njiani, ya kwenye mapaa, ya msituni, ilinyanyuka kwa pamoja bila kelele, ikawa ndefu kuliko mnara wowote niliowahi kuuona, kisha ikainama kunitazama. Mwili ulinisisimka wote.

"Miaka mitatu," ikasema taratibu, "unanikanyaga, unanipiga beleshi, unanimwagia chumvi niyeyuke. Umewahi kunisalimia?"

Wallahi sikuwahi. Kitu kikubwa namna ile, kikongwe kuliko babu zetu wote, na mimi mtoto wa Kibondei nakipita kama ng'ombe! Nikavua kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilitoka pande zote, hata chini ya nyayo zangu. Machozi yalinitoka yakagandia mashavuni, wala sikuona haya.

"Sasa piga hodi," ikasema theluji. "Mara tatu. Usipojibiwa, unajua la kufanya."

Najua. Kwetu hodi tatu bila jibu, unageuka unaondoka, hata kama jikoni moshi unafuka. Na nikiondoka leo, bibi wa watu atakuwa na hali gani kesho? Tangu nije huku sijapiga hodi hata siku moja. Nyumba zina kengele. Nabonyeza, naacha boksi, nakimbia.

"Hodi!"

Kimya. Dirishani taa inawaka. Naona kiti chake, hakina mtu.

"Hodi!"

"Paza sauti, bwana," linanong'ona gari. "Unaita paka?"

Kimya tena. Imebaki moja. Namkumbuka mama alivyonifundisha nikiwa mdogo, kwamba hodi ya mwisho mtu hujitaja.

"Hodi, Bibi Elna! Ni mimi Shemhilu, mwana wa Bi Mwanaidi! Nimekuletea dawa!"

Theluji ilitulia, ikawa inasikiliza pamoja nami. Hata upepo ulikoma.

"Karibu!"

Mlango ukafunguka. Theluji ikajikunja kushoto na kulia kama mkeka, njia ikawa wazi, na Bibi Elna alikuwa amesimama kizingitini na khanga juu ya sweta.

"Karibu, mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka. "Miaka mitatu unaniachia vitu mlangoni kama mwizi aliyetubu. Leo umekuja kama mtu."

Nikampa boksi kwa mikono miwili. Akalikumbatia. Nyuma yangu gari likajitoa lenyewe, taratibu, bila kuteleza.

Nimeamka kumekucha, nimelowa jasho.

"Usiku kucha hodi, hodi," akalalamika mke wangu, Mwajabu, kutoka chini ya blanketi. "Majirani watatuhamisha mwaka huu."

Nikaenda jikoni, nikafungua friji. Maziwa yapo, nyanya zipo, boksi halipo. Nikamuuliza Mwajabu kama amelihamisha. Akaniambia hajaligusa, na kwamba kazi zangu nisimwingizie jikoni kwake.

Nikampigia Bibi Elna. Simu ikaita mara ya kwanza. Ikaita ya pili. Nikaanza kuomba Mungu.

Ya tatu akapokea, na kabla sijasema lolote, bibi yule asiyejua hata Kiswahili cha kuombea maji akaniambia, "Karibu."